Jumamosi ya Kumwamba Mtoto

Harufu ya ngozi ikipashwa moto hunimaliza nguvu za miguu mpaka leo, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto na duka. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani yangu hapa Tunduma. Vijana wa ngoma wakawasha mabua nyuma ya turubai ili wazikaze ngoma zao kabla ya kuanza. Upepo ukageuka, ile harufu ya nywele zilizoungua na mafuta ya zamani ikanijia usoni, nikakaa chini palepale kwenye nyasi na gauni langu jipya la kitenge. Wenzangu wakasema ni presha. Mmoja akakimbilia soda. Niliinywa, maana sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba sina presha yoyote, nina woga tu, na woga wenyewe ni wa zamani kuliko urafiki wetu.

Siku chache baadaye mdogo wangu Zawadi akanipigia simu kutoka kijijini. Huyu hana tabia ya kuanza na salamu.

"Dada, mwalimu Kibona amefariki. Wamemzika juzi huko kwao Ileje. Jumamosi tunamvalisha mtoto, uje. Safari hii sitaki kusikia habari za duka."

Nikasema nitakuja. Kisha nikafunga mlango wa duka mchana kweupe, nikakaa nyuma kwenye magunia ya sukari na kulia. Wanangu waliporudi shule walinikuta hivyo, na nilipowaambia namlilia mtu ambaye zamani nilimwogopa kuliko shetani, walitazamana kama watoto wa siku hizi wanavyotazamana mzazi anapoanza hadithi zake.

Kijiji chetu kiko juu ya Iyula, kwenye kahawa na mahindi na ukungu usiotaka kuondoka hadi watu wamalize chai. Nyumbani tulisema Kinyiha. Kiswahili tulikutana nacho mahali pawili tu, shuleni kwa fimbo na kanisani kwa nyimbo, na kila neno tulilijua kwa sura ya mahali tulipolikuta. Neno kuwamba, kwa mfano. Watu wa kwingine huwamba kitanda, huwamba ngoma, ni neno la kazi tu. Sisi vitu hivyo tulivisema kwa Kinyiha. Kuwamba tulilisikia mara moja kwa mwaka, Ijumaa Kuu, mzee wa kanisa akisimulia jinsi Bwana wetu alivyowambwa msalabani, huku bibi zetu wakifuta macho kwa ncha za khanga. Kwangu mimi neno hilo lilikuwa na misumari ndani yake.

Na ninyi wa umri wangu mliokulia Mbozi mnaikumbuka hofu ya siku zile, sina haja ya kuwapambia. Ilikuwa miaka ya habari za wachuna ngozi. Nani alichunwa, wapi, na nani aliona, sikuwahi kujua na sidhani kama waliokuwa wakisimulia walijua. Lakini foleni ya mashine ya kusaga ilikuwa haina habari nyingine. Ngozi zinavushwa mpakani, walisema. Wanapenda ya mtoto, walisema, kwa sababu haijapigwa na jua. Wakubwa walishusha sauti tulipoingia, ila hawakuishusha vya kutosha. Tulianza kwenda shule kwa makundi, na mgeni akitusalimia barabarani tulikimbia bila kuitikia, adabu yote tuliyofundishwa ikabaki kwenye vumbi.

Baba alikuwa Saza, machimboni, akitafuta dhahabu ambayo hatukuwahi kuiona. Mama alibaki na shamba, kuku, na sisi wawili. Kila asubuhi kabla hajachukua jembe alinishika kidevu na kuniambia jambo moja: "Zawadi asitoke machoni pako." Zawadi alikuwa bado na meno ya utoto, mweusi wa kung'aa, mkaidi, asiyeogopa kitu. Woga wote wa nyumba ile nilipewa mimi.

Katikati ya siku hizo ndipo alipofika mwalimu Kibona. Shule yetu ilikuwa imejengewa madarasa mapya na wageni wangekuja kuyafungua, na mwalimu mkuu hakutaka watoto wasimame tu mbele yao na kukariri ngonjera. Alitaka ngoma ya kienyeji, ichezwe na watoto wenyewe. Baadhi ya wazazi waliguna, kanisa lilikuwa limeshatuambia mengi kuhusu ngoma, lakini mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kushinda. Akamwita fundi kutoka milima ya Ileje.

Alikuja kwa miguu akitokea barabara kuu, ngoma kubwa mgongoni, na begani mfuko wa kitambaa uliokuwa unanuka. Mfupi, kifua kipana, ndevu zimeingia mvi. Akatusalimia. Hakuna aliyeitikia. Tulikuwa tunautazama mfuko. Mvulana mmoja mwenye kiherehere akamuuliza umebeba nini, naye akacheka akasema, "Ngosi."

Wandali, watu wa Ileje, wengi wa rika lake herufi z iliwashinda, na tulipozoea tulimcheka sana kwa hilo. Siku ile hatukucheka. Tulitawanyika kama vifaranga.

Alipewa chumba cha stoo ya shule, pale nyuma, karibu na ukuta unaotazamana na mtambo wa kumenyea kahawa. Mazoezi yakaanza jioni ya kesho yake, na sitaki kudanganya, baada ya muda mfupi watoto wengi walisahau kwamba walimwogopa. Alijua kazi yake. Hakutufundisha kwa namba wala kwa moja-mbili-tatu, kila pigo alilipa maneno. Miguu alitufundisha kwa siafu: "Wamepanda! Kung'uta! Usimwangalie mwensako, siafu ni wako!" Na sisi tulikung'uta, vumbi likapanda, na ghafla ukatazama ukaona watoto wote wanakanyaga pamoja, na kifua kinakujaa.

Mimi sikuwa mchezaji mzuri. Mabega yangu yalipanda hadi masikioni na hayakushuka.

"Wewe binti," aliniambia, "mabega yako yanasikilisa nini?"

Nilikuwa nasikiliza kila kitu. Nilikuwa zamuni, saa zote, nikimlinda mdogo wangu asiguswe na yeye huyohuyo.

Kwa sababu alimpenda Zawadi. Zawadi hakuwa hata mwanafunzi, nilikuwa namburuta tu kwa kuwa hakuna wa kumwachia, lakini siku ya kwanza alichukua dumu la njano la maji akaanza kulipiga kando, na mwalimu Kibona akasimamisha mazoezi yote. Akamwita, akageuza viganja vyake, akavipapasa kwa kidole gumba. "Ngosi laini hii," akasema. "Itabidi ikomae kwansa." Watoto walicheka. Mimi nikamvuta Zawadi kwangu.

Tangu hapo wawili hao walikuwa na mchezo wao. Mwalimu alikaa na ngoma kubwa katikati ya mapaja akasema, "Mimi ndimi mama," nasi tukafa kwa kicheko, mama gani mwenye ndevu. "Na wewe, Sawadi, ndiwe mtoto." Ngoma ikaita, polepole, kwa sauti nzito inayopanda kutoka kwenye nyayo: *Mwanangu u wapi? Mwanangu u wapi?* Na Zawadi akajibu kwenye dumu, haraka, juu: *Nipo, mama, nipo!* Akamfundisha kwamba mama akiita, mtoto hajibu akipenda. Anajibu popote alipo, hata kama ana tonge mdomoni. Na alimwita ghafla ghafla, katikati ya mambo mengine, na Zawadi alijibu kwa chochote kilichokuwa karibu, sahani, ubao, kichwa changu. Usiku kitandani, nikikohoa kwa mpigo unaofanana, yeye alijibu kwa visigino ukutani akiwa usingizini.

Wote wakaanza kumwita Mtoto. Mtoto amekuja? Mtoto yuko wapi? Hata mwalimu mkuu.

Sasa sikilizeni nilichosikia mimi. Ilikuwa Alhamisi baada ya mazoezi. Zawadi alikuwa amesahau kandambili zake, nikarudi kuzichukua nyuma ya stoo. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani alikuwa mwalimu Kibona na mwalimu mkuu, na nilisikia sauti ya kisu kikinolewa juu ya jiwe.

"Na mtoto?" mwalimu mkuu aliuliza. "Siku zimekwisha. Wageni wanakuja."

"Mtoto ni Jumamosi," mwalimu Kibona alisema. "Ngosi nimeshaipata, hapahapa kijijini. Changa, haina hata kovu. Nitamwamba asubuhi, halafu nimwache juani akauke."

"Atalia lakini?"

"Atalia visuri mno. Ngosi changa ndiyo inayolia."

Na mwalimu mkuu, mtu aliyenifundisha kusoma, akacheka, akasema, "Haya, wewe ndiye fundi."

Nilishika ukuta. Kandambili sikuzichukua. Nakumbuka nilikojoa, na nakumbuka nilishukuru kwamba sketi ya shule ni ya rangi nzito. Watamwamba Zawadi. Sikuwa na shaka hata kidogo, maana kila neno lilikuwa mahali pake: mtoto, ngozi, kisu, Jumamosi, kuwambwa, kulia. Na mwalimu mkuu anajua. Basi nani wa kumwambia?

Nilimwambia mama. Alikuwa anapuliza moto, kuni mbichi, jiko limejaa moshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Nami kwa kiwewe sikupata hata neno la Kinyiha la kitu kile, nikalisema kama nilivyolisikia.

"Mama, mwalimu atamwamba Zawadi Jumamosi."

"Aimbe," mama alisema, akikohoa. "Si ndiyo maana mnaenda?"

"Si kuimba, mama. Kumwamba."

"Kama hujui wimbo usimwonee wivu mwenzio. Niletee sufuria."

Nikaleta sufuria. Ijumaa nzima sikula. Nilimtazama Zawadi akicheza na kuku na nikaona kila kitu chake kitakachoondoka, magoti, masikio, alama ndogo ya kuungua mkononi. Niliwaza kutorokea Saza kwa baba, sikujua njia. Niliwaza kumwambia mjomba Daudi, kaka yake mama, mwenye mashine ya kusaga, lakini mjomba alikuwa mkali na angeanza kwa kunichapa kwa uongo. Ikabaki njia moja, kumficha.

Jumamosi mama alipokwenda shamba nilifunga viazi vya kuchemsha kwenye khanga, nikamwambia Zawadi tunacheza kombolela kubwa, atakayetokeza kichwa ameshindwa. Nikampeleka kwenye mtambo wa kahawa. Msimu ulikuwa haujaanza, matangi ya saruji wanayolowekea kahawa yalikuwa matupu na makavu, yakinuka uchachu wa mwaka jana. Tukashuka ndani ya moja, nikavuta bati juu yetu. Mtaniuliza kwa nini karibu hivyo na shule, ukuta wa stoo ukiwa hapo juu tu. Nilitaka nimsikie. Nisipomsikia alipo ningekufa kwa kuwaza.

Na tulimsikia. Alikuwa anaimba peke yake kwa Kindali, huku kitu kikikwangua kitu, kwaru, kwaru. Zawadi alitaka kutoka kumsalimia. Nikamziba mdomo.

Jua lilipanda, bati likapata moto. Zawadi akala viazi vyote, akalala, akaamka, akaanza kununa. Ndipo nikasikia sauti ya mama kwa mbali ikituita, mara ya kawaida, mara kwa hasira, halafu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akapiga yowe. Kama hujawahi kukaa shimoni ukimsikia mama yako akipiga yowe kwa ajili yako, na ukashindwa kutoka kwa sababu ukitoka mdogo wako atachunwa, sijui nikueleze nini. Nilijing'ata mkono. Alama ninayo.

Yowe likaitikiwa mashambani, huku na kule. Miguu mingi ikapita juu yetu kuelekea shule, na nikamtambua mjomba Daudi kwa sauti.

"Watoto wa dada yangu wako wapi?"

Kukwangua kukakoma. "Watoto gani, ndugu yangu?"

"Huyu mdogo unayemwita kila siku! Na dada yake!"

"Leo sijawaona. Mimi mwenyewe nawasubiri masoesi."

"Na hii kwenye ndoo ni nini?"

"Ngosi."

Nilikuja kuiona baadaye ile ngozi, ilikuwa ya mwanambuzi, imelowekwa na kukwanguliwa nywele zote kwa majivu, nyeupe, laini, ndogo. Mtu mwenye hofu angeona chochote pale.

"Ngozi ya nani?" mjomba aliuliza, taratibu sasa.

Na mwalimu Kibona, kwa hofu, akajibu ukweli wake: "Ya mtoto."

Sauti iliyotoka kwa watu wale sitaisahau. Nilisikia kitambaa kikichanika, ndoo ikipinduka, mtu akianguka. Nilisikia mama akisema jina la Zawadi, tena na tena, bila kupiga kelele. Kisha sauti ya mtu mmoja, hata leo sijui ni ya nani kati ya majirani zetu wema, ikasema kaleteni mafuta ya taa.

Niliyajua mafuta ya taa yanafanya nini. Sote tulijua. Na hapo ndani ya tangi nilianza kuogopa kitu kingine ambacho sikuwa nimekipangia, na sikujua nimwogope nani tena.

"Nipeni ngoma!" mwalimu Kibona alikuwa anasema, anahema. "Nipeni ile ngoma nimwite. Kama ni msima atajibu. Nawaomba. Nimemfundisha kujibu."

"Umwite nani, mchawi wewe?"

"Mtoto!"

Walibishana. Mama ndiye aliyesema, kwa Kinyiha, mpeni. Mwacheni amwite mwanangu.

*Mwanangu u wapi?*

Nilimdaka Zawadi mikono kabla ya pigo la pili. Nilimlalia. Alikuwa amefumbua macho makubwa kwenye giza lile, na nilihisi mwili wake wote ukijibu chini yangu, vidole, visigino. *Mwanangu u wapi? Mwanangu u wapi?* Nikasema moyoni, usimjibu, Zawadi, ni mtego, ukimjibu amekupata.

Lakini ngoma ilikuwa na kasoro. Tulikuwa tumekaa naye jioni zote zile, na mkono wa mwalimu Kibona haukuwahi kukosea, hata akiongea, hata akipiga chafya. Sasa ulikuwa unakosea. Neno la kwanza lilitoka zito, la pili likachelewa, la tatu likaangukia pembeni ya ngozi. Ilitetemeka. Niliijua ile namna ya kutetemeka, maana ndiyo niliyokuwa nayo tangu Alhamisi, kwenye magoti, kwenye meno, kwenye mkono wa kijiko. Yule aliyekuwa anapiga alikuwa anaogopa kama mimi. Na sikuwahi kusikia kwamba mchuna ngozi anaogopa.

Nikaiachia mikono ya Zawadi.

Akajibu kwenye bati kwa ngumi zote mbili. *Nipo, mama, nipo!* Bati likalia bonde zima. Akasimama, akalisukuma, likaanguka kwa kishindo, na yeye akabaki kichwa juu ya tangi, viazi mashavuni, anapiga ukingo wa saruji na kucheka kwa sababu amechoka kujificha na ameitwa.

Mambo ya baada ya hapo nayakumbuka vipande vipande. Mama alinichapa na kunikumbatia kwa mkono uleule. Watu walitusukuma mbele. Mjomba Daudi akainama usoni pangu akaniuliza kwa nini, na mimi nikasema, kwa sauti kubwa, kwa sababu sikuwa na kitu tena cha kuficha, "Alisema Jumamosi atamwamba mtoto. Atamtoa ngozi. Nilisikia."

Mwalimu Kibona alikuwa ameketi chini, shati limekuwa vipande viwili, damu kwenye sikio. Alinitazama. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlango wa stoo, ambako kulikuwa na gogo dogo lililochimbwa katikati, tupu, halina kitu mdomoni.

"Mtoto ndiye huyo," akasema. "Huyu mkubwa ndiye mama. Yule ndiye mtoto. Ngosi yake ya samani ililiwa na panya."

Mtu mmoja akacheka. Akacheka mwingine. Kikazuka kicheko kikubwa, cha watu kushikana mabega, watu wakarudia neno moja moja, ati atamwamba, ati ngosi ya mtoto, na yule wa mafuta ya taa nadhani alicheka pamoja nao. Nilikichukia kicheko kile, na nakichukia sasa ninapoandika. Wakaenda zao wakicheka, na ile aibu wakaiacha pale uani na yule mtu aliyekaa chini. Ambao hawakucheka walikuwa mama, na mwalimu, na mimi.

Mjomba Daudi alibaki nyuma. Aliiokota ngozi kwenye tope, akaisuuza mwenyewe bombani, akaileta kwa mikono miwili. "Samahani, ndugu yangu," alisema. Mwalimu Kibona akaipokea.

"Ikikauka hivi imeharibika," akasema, kama anaongea na ngozi. "Lasima ifungwe sasa. Nani atanishikia?"

Mjomba akasogea. Mwalimu akatikisa kichwa, akanionyesha mimi.

Nilitaka kukimbia. Mama alinisukuma kidogo mgongoni. Nikashika ukingo wa ngozi, baridi, ya kuteleza kama ulimi wa ndama, naye akaanza kupitisha kamba, tundu hadi tundu, akivuta. Mikono yake ilikuwa haivuti sawasawa. Kamba ilimponyoka. Akaishika tena, ikamponyoka, akakaa ameinamisha kichwa akipumua.

"Mimi naogopa, binti," akaniambia, taratibu, wengine wasisikie. "Wewe shika tu."

Nilishika hadi vidole vikawa vyeupe. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema vile. Tulipomaliza alikigonga kigogo kile kwa ncha ya kidole, kikatoa sauti ya maji tu, bado kibichi. Akamgeukia Zawadi na mimi.

"Mmeona? Tumemvalisha nguo mtoto. Hapa kwenu tutasema hivyo. Kumvalisha."

Neno lile lingine hakulisema tena kijijini kwetu. Wageni walikuja, tulicheza, mabega yangu yalishuka siku hiyo, Zawadi akampiga mtoto mpaka wazee wa kanisa wakasahau uso wa kuweka. Mwalimu aliendelea kuja miaka mingi kufundisha watoto wa shule yetu. Mjomba alimsagia mahindi yake na kumpikia chai. Lakini mwalimu hakulala tena kwetu hata siku moja, alirudi kulala Nanyala kwa jamaa zake hata kwenye mvua, na tangu siku ile alifundisha akiwa ameegemeza mgongo ukutani.

Jumamosi iliyopita nikaenda. Zawadi sasa ndiye anayefundisha pale, na mimi kumtania namwita mwalimu Sawadi. Watoto walikuwa wamekaa kuzunguka ndoo yenye ngozi. Binti mmoja, meno ya mbele hana, akaniuliza kwa nini wao husema kumvalisha mtoto, wakati shangazi yake wa mjini anasema ngoma inawambwa. Zawadi akanitazama. Nikamwambia mtoto yule kwamba mwalimu wetu alipenda kusema hivyo. Nilishika ukingo wa ngozi, Zawadi akavuta kamba, harufu ikanipanda kichwani na miguu ikalegea kama kawaida yake, ila sikuachia.

Tulipomaliza, Zawadi akanisogezea ile ngoma kubwa, mama. "Mwite, dada. Wewe hujawahi."

Ni kweli sikuwahi, miaka yote hiyo. Watoto walikuwa wameshatawanyika uwanjani, wengine nyuma ya madarasa, wengine chini kule kwenye matangi. Nikainua mikono. Ilitetemeka vibaya, neno la kwanza likatoka zito, la pili likachelewa, la tatu likaangukia pembeni ya ngozi, vilevile kama lake.

*Mwanangu u wapi?*

Wakajibu kutoka kila upande, kwenye madumu, kwenye madirisha, kwenye bati: *Nipo, mama, nipo!* Nikaendelea kuita.